Silabi za Kiingereza: Mbona huwatatiza wanafunzi?

MWANAFUNZI anayeandika "hoping" akikusudia "hopping" hajasahau herufi moja tu. Amebadilisha maana, kwani neno la kwanza ni kutumaini na la pili ni kurukaruka kwa mguu mmoja.

Kosa la aina hii huchukuliwa kuwa uzembe, na mtoto hukemewa na kukatwa alama. Hata hivyo, mara nyingi chanzo chake ni kutofahamu jinsi maneno ya Kiingereza yanavyogawika katika silabi.

Katika Kiswahili, silabi nyingi huishia kwa irabu, mathani ki-ta-bu, na shadda kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo sababu "bus" lilipokopwa likawa basi, na "ticket" likawa tikiti.

Kiingereza hakifuati mkondo huo. Silabi yake yaweza kufungwa kwa konsonanti moja au zaidi. Neno "strengths" lina herufi tisa, lakini ni silabi moja tu kwa kuwa lina sauti moja ya irabu.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kuhesabu irabu zinazosikika wala si zinazoonekana. "Make" lina irabu mbili kwa jicho, ila silabi moja kwa sikio. Vilevile, "walked" ni silabi moja ilhali "wanted" ni mbili, kwani "-ed" ya vitenzi huwa silabi kamili inapotanguliwa na sauti ya t au d.

Pili, konsonanti nayo yaweza kubeba silabi. Jinsi "m" inavyojitegemea katika m-tu, ndivyo "l" inavyofanya mwishoni mwa "bottle".

Tatu, ni muhimu kutofautisha silabi wazi na silabi funge. Katika "ho-ping", silabi ya kwanza imeachwa wazi na irabu yake hutamkwa kwa kuvutwa. Katika "hop-ping", "p" ya kwanza huifunga silabi hiyo, na irabu ikawa fupi. Hivyo ndivyo "diner" linavyotofautiana na "dinner". Kanuni hii ina vighairi: "lemon" lina "m" moja, ilhali irabu yake ya kwanza ni fupi.

Shadda nayo haina makao maalumu. "Record" likitiwa shadda mwanzoni ni nomino. Likitiwa mwishoni huwa kitenzi.

Wenye lugha wenyewe wamewahi kutofautiana. Mnamo 1783, Mmarekani Noah Webster alichapisha kitabu cha tahajia kilichogawa maneno kwa kufuata matamshi. Aliandika "clus-ter" na "hab-it", akipinga mtindo wa Mwingereza Thomas Dilworth wa "clu-ster" na "ha-bit".

Mwalimu anaweza kuwaelekeza wanafunzi wapige kofi kwa kila silabi wanayoisikia, watambue yenye shadda, kisha waandike neno sehemu kwa sehemu. Kwa maneno yaliyomeza sauti, kama "Wednesday" ambalo kwa kawaida hutamkwa kwa silabi mbili, wakariri umbo la maandishi: Wed-nes-day.

Mazoezi haya yaanze mapema katika madarasa ya chini, kwani samaki hukunjwa angali mbichi.