Riwaya za mashabiki za enzi ya Regency

Riwaya za mashabiki za enzi ya Regency ni hadithi ndefu zinazotungwa na wasomaji kwa kutumia wahusika, mandhari au visa vya riwaya zinazohusu Uingereza ya mwanzo wa karne ya 19, hasa zile za Jane Austen (1775–1817). Kwa kawaida huandikwa bila malipo na kutolewa sura baada ya sura. Wazo lenyewe hujadiliwa na wasomaji wengine kabla ya hadithi kuandikwa na hata inapoendelea. Makala hii inahusu zaidi hatua hiyo ya wazo: linapatikanaje, linapimwaje, na nini hutokea likishatolewa kwa wengine.

Jina Regency lilitokana na utawala wa niaba. Mfalme George III aliposhindwa kutawala kwa sababu ya maradhi, mwanawe mkubwa alishika madaraka kwa niaba yake kuanzia tarehe 5 Februari 1811 hadi mfalme alipofariki tarehe 29 Januari 1820. Ni miaka ya Sayyid Said huko Oman na ya mshairi Muyaka bin Haji huko Mombasa. Riwaya zote sita kamili za Austen zilichapishwa ndani ya kipindi hicho, kuanzia Sense and Sensibility mwaka 1811 hadi Northanger Abbey na Persuasion, zilizotoka pamoja Desemba 1817, miezi mitano baada ya kifo chake. Inayotumiwa zaidi na mashabiki ni Pride and Prejudice ya mwaka 1813, na mifano mingi hapa chini inatoka humo.

Mwanzo wake

Aliyeanza kuendeleza hadithi za Austen ni Austen mwenyewe. Mpwa wake James Edward Austen-Leigh aliandika katika kumbukumbu zake za shangazi huyo kwamba jamaa wakimwuliza, aliwasimulia yaliyowapata wahusika baada ya ukurasa wa mwisho. Kitty Bennet aliolewa na kasisi karibu na Pemberley. Mary hakupata zaidi ya karani mmoja wa mjomba wake Philips. Mzee Woodhouse wa Emma aliishi miaka miwili tu baada ya binti yake kuolewa.

Ukoo huo pia umetuachia mfano bora wa wazo la hadithi likipimwa na msomaji makini. Mwaka 1814 Anna Austen, binti wa kaka yake Jane, alikuwa akiandika riwaya na kumpelekea shangazi yake sehemu baada ya sehemu. Barua za majibu zipo hadi leo. Shangazi anamsifu, kisha anamsahihisha kwa mambo yanayoonekana madogo: kutoka Lyme hadi Dawlish ni karibu maili 40, kwa hiyo watu wa Dawlish hawawezi kuzungumzia habari za Lyme kama za jirani. Daktari wa kijijini hatambulishwi kwa watu wa daraja la juu namna ile. Wahusika wakienda Ireland waende wenyewe, maana Anna haijui desturi ya huko, na akiwafuata atakosea. Anamshauri pia kwamba familia tatu au nne za kijiji kimoja zinamtosha mtunzi. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha hadi usiku wa manane angetamani kuandika pembeni mwa daftari maneno yenye faida kama hayo. Anna baadaye aliichoma riwaya hiyo. Alijaribu pia kuiendeleza Sanditon, hadithi ambayo shangazi yake aliiacha mwaka 1817 akiwa mgonjwa, lakini naye hakuimaliza.

Nje ya ukoo, kitabu kinachotajwa mara nyingi kuwa cha kwanza cha aina hii ni Old Friends and New Fancies cha Sybil Brinton, kilichotoka muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kinawakutanisha wahusika wa riwaya zote sita. Mkondo ulifurika baada ya BBC kuonyesha tamthilia ya televisheni ya Pride and Prejudice mwaka 1995, wakati intaneti ilipoanza kuingia majumbani.

Wazo: badiliko moja

Zipo hadithi zinazoanzia pale Austen alipoishia, na zipo zinazowahamishia wahusika katika zama nyingine. Aina inayozua mjadala mkubwa zaidi ni ile ya swali la “ingekuwaje kama”. Mtunzi hubadili jambo moja katika riwaya asilia, kisha hufuata matokeo yake. Wanafunzi wa Afrika ya Mashariki wanaifahamu kazi inayokaribiana na hii katika insha ya mdokezo, ambapo mtahini hutoa sentensi ya mwanzo na mtahiniwa hubeba yaliyobaki. Tofauti ni kwamba hapa msomaji anaujua mwendo wa asili kwa moyo, na kila hatua atailinganisha nao.

Mabadiliko yanayopendwa ni yale yanayogusa njia panda za riwaya. Darcy anamposa Elizabeth nyumbani kwa kasisi kule Hunsford, mwezi Aprili, naye anakataa kwa hasira. Ingekuwaje kama angekatizwa kabla hajasema? Kesho yake anampa barua ndefu ya kujieleza. Ingekuwaje kama Elizabeth angeirudisha bila kuifungua? Georgiana, dada yake Darcy, akiwa na umri wa miaka 15 nusura atoroshwe na Wickham kutoka Ramsgate; ingekuwaje kama kaka yake angechelewa kufika?

Swali hilo la mwisho linaonyesha kwa nini wazo halipaswi kuishia kwenye sentensi moja. Georgiana ana pauni 30,000. Kwa sheria ya wakati ule fedha za mke zilikuwa za mumewe, isipokuwa zile zilizolindwa kwa mkataba uliofungwa kabla, na hali hiyo ilibaki kwa sehemu kubwa hadi sheria ya mwaka 1882. Talaka iliyomruhusu mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria maalumu ya Bunge hadi mwaka 1857. Mtunzi anayemwoza Georgiana kwa Wickham katika sura ya kwanza hawezi basi kumtoa katika sura ya kumi kwa sababu tu ameanza kumhurumia. Itabidi amwue Wickham, au amwache binti huyo aishi na mkosi wake. Watunzi wengi huchagua kumwua.

Fedha, sheria na kalenda

Mfano mmoja utaeleza zaidi ya kanuni nyingi. Tuseme mtunzi anataka Bwana Bennet afariki mapema, mwezi Septemba, kabla ya dansi ya kwanza pale Meryton.

Shamba la Longbourn huingiza pauni 2,000 kwa mwaka, lakini limefungwa kisheria lirithiwe na mwanamume wa ukoo. Bennet ana mabinti watano na hana mwana, kwa hiyo mrithi ni binamu yake Collins. Mama na mabinti wanabaki na pauni 5,000 zilizotengwa katika mkataba wa ndoa. Zikiwekwa katika hati za serikali kwa riba ya asilimia 4 huleta pauni 200 kwa mwaka, yaani sehemu moja ya kumi ya walichozoea, kwa watu sita. Mahari ya Kiingereza ya zama zile, inafaa kukumbusha, ilitoka upande wa bi harusi. Kila binti hapa ana takriban pauni 1,000, na hizo ni baada ya mama kufariki. Watahamia wapi? Riwaya asilia ina milango miwili: shangazi Philips pale Meryton, na mjomba Gardiner, mfanyabiashara wa Gracechurch Street jijini London. Kila mlango unaelekea kwenye riwaya nyingine kabisa.

Halafu kuna maombolezo. Mabinti waliofiwa na baba wamevaa nyeusi na hawaendi dansi kwa miezi kadhaa. Hapo ndipo wazo linapoanza kuyumba, kwa sababu ni katika dansi hiyo ya Meryton ambapo Elizabeth anamsikia Darcy akisema kwamba uzuri wake haumtoshi. Bila dansi hakuna tusi, na bila tusi hakuna ile chuki inayobeba nusu ya kitabu. Mtunzi anayeligundua hili akiwa sura ya kumi na mbili amepoteza miezi mitatu. Anayeligundua wakati wazo likiwa bado aya moja anaweza kusogeza kifo hadi Desemba, baada ya dansi ya Netherfield ya tarehe 26 Novemba, au akatafuta mahali pengine pa kuwagombanisha.

Liko pia suala la ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1753 ilitaka aliye chini ya miaka 21 apate idhini ya baba ili aoe au aolewe kwa kibali cha kanisa. Kama baba amekufa, idhini ilitoka kwa mlezi aliyeteuliwa, na kama hakuna mlezi, kwa mama ambaye hajaolewa tena. Elizabeth ana miaka 20. Kwa hiyo Collins akija kuposa huku akimiliki nyumba waliyolala jana, hatima yake imo mikononi mwa Bibi Bennet. Sheria haikumruhusu mama kumlazimisha binti aolewe, lakini shinikizo la pauni 200 kwa watu sita halihitaji sheria. Hapa wazo lililoyumba linaweza kusimama tena, na likawa zito kuliko lilivyoanza. Uskoti haikufungwa na sheria hiyo, ndiyo maana wapenzi waliotoroka walikimbilia kaskazini, na ndiyo maana jamaa za Lydia waliamini mwanzoni kwamba amepelekwa huko.

Kwa tarehe, wengi hutegemea kalenda iliyopendekezwa na mhariri R. W. Chapman katika toleo lake la mwaka 1923, aliyelinganisha siku zinazotajwa katika riwaya na almanaka za miaka 1811 na 1812. Umbali nao una kiasi chake: Longbourn iko maili 24 kutoka London, mwendo wa saa chache kwa gari la farasi. Barua ililipiwa na aliyeipokea hadi mageuzi ya posta ya mwaka 1840. Binti mkubwa ndiye Miss Bennet, na wadogo zake hutajwa kwa jina la kwanza, Miss Elizabeth. Kosa la aina hii haliui hadithi, ila humtoa msomaji nje ya chumba alichokuwa ameketi.

Kosa lililo kubwa zaidi ni kuchanganya chemchemi. Maji ya ziwani na shati lililolowa la Darcy vimo katika tamthilia ya mwaka 1995. Kitabuni anatokea tu akiwa njiani kutoka upande wa mazizi ya farasi. Madyuki, kumbi za Almack's na misimu ya London vinatokana zaidi na Georgette Heyer, aliyeanza kuandika riwaya za enzi hii kwa Regency Buck mwaka 1935. Austen aliandika kuhusu wenye mashamba wa mikoani, na hakuna dyuki miongoni mwa mashujaa wake.

Kushirikishana wazo

Wazo hutolewa kwa njia kadhaa. Mwingine huliacha wazi, kama mbegu ambayo yeyote anaweza kuipanda. Mwingine huliweka kama muhtasari na kuomba maswali. Wa tatu humpa msomaji mmoja anayemwamini, ambaye husoma kila sura kabla haijatolewa na kufanya kazi ile aliyoifanya Jane kwa Anna. Njia ya pili ndiyo yenye manufaa zaidi katika hatua ya kupanga, ilimradi mtunzi aulize jambo mahususi. “Mnaonaje?” huleta pongezi. “Nani atakuwa mlezi wa Kitty baba yake akifa?” huleta jibu.

Mawazo yanayozunguka hivi hugeuka mapokeo. Austen hakumpa Bwana Bennet jina la kwanza, lakini katika hadithi nyingi za mashabiki anaitwa Thomas. Kanali Fitzwilliam anaitwa Richard. Wageni huyachukua majina hayo wakidhani yamo kitabuni, na hakuna anayedai kuwa yake.

Ugomvi huja pale watu wawili wanapoandika wazo moja. Sheria ya hakimiliki hulinda maneno yaliyoandikwa wala si wazo tupu, kwa hiyo kifo cha Bwana Bennet si mali ya mtu, na watunzi kumi wanaweza kumwua kwa namna kumi. Adabu ya mashabiki ni kali kuliko sheria: anayelitumia wazo la mwenzake humtaja, na anayechukua mandhari au mazungumzo aliyoyabuni mwingine huomba ruhusa. Heyer mwenyewe alilalamika mwaka 1950 kwamba mwandishi mwingine alichota majina, visa na maelezo ya kihistoria kutoka vitabuni mwake.

Kuuza

Riwaya za Austen ni mali ya umma, hivyo hadithi inayowatumia wahusika wake inaweza kuuzwa kihalali. P. D. James alifanya hivyo mwaka 2011 kwa Death Comes to Pemberley, na Jo Baker mwaka 2013 kwa Longbourn, inayowatazama akina Bennet kutoka jikoni kwa watumishi wao. Vitabu vya Heyer, aliyefariki mwaka 1974, havimo katika uhuru huo kila mahali. Nchini Uingereza vinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2044. Hifadhi ya Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009 na shirika lisilo la faida, hairuhusu biashara yoyote ndani yake.

Mtunzi anayeamua kuuza hadithi aliyoitoa bure kwa kawaida huiondoa ilipokuwa ikisomwa. Hapo waliouliza maswali, waliosahihisha tarehe na waliotoa wazo la sura ya saba hubaki nje ya kitabu kisheria. Baadhi ya watunzi huwashukuru kwa majina ya kalamu katika kurasa za mwanzo, na wengine huwapelekea nakala kabla ya kitabu kutoka.