Mizani kamili, shairi hakuna

MAJUZI mwanafunzi wangu mmoja aliniletea daftari la mashairi. "Profesa, hebu nikagulie," akasema. Nikayasoma. Zote zilikuwa tarbia: mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimetimia. Hesabu haikuwa na dosari. Nikamwomba afunge daftari, anieleze kwa lugha ya kawaida alichotaka kusema. Akababaika. "Nilikuwa nasema… elimu ni nzuri."

Hapo ndipo penye tatizo. Mizani huhesabiwa kwa vidole, fikra haihesabiki. Shuleni tulifunzwa kutaja bahari, inkisari na mazida, tukadhani ajuaye kulichambua shairi ajua pia kulitunga. Matokeo yake, neno huingizwa kwenye mshororo kwa sababu tu lina kina kinachofaa. Maana ikipotea, tunasingizia eti ni uhuru wa mshairi.

Je, dawa ni kuzitupa arudhi? Ubishi huo umekuwapo tangu miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi (1974) na wanamapokeo wakamjia juu. Lakini hebu tuwatazame Wakenya wawili. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za msalani, mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973). Yamefuata arudhi. Alamin Mazrui naye aliwekwa kizuizini miaka ya 1980, kisha akatupa Chembe cha Moyo (1988), ambamo mashairi huru yametawala. Mmoja alishika vina, mwenzake akaviacha. Wote walikuwa na jambo lililowakaba koo.

Wala asidhani mtu kwamba shairi huru ni njia ya mkato. Asiye na vina hana pa kujificha: kila neno lazima lijitetee lenyewe.

Nilimwambia yule kijana aende akaandike, kwa nathari kwanza, jambo linalomnyima usingizi. Juzi amerudi na beti mbili tu, kuhusu mamake anayeuza mboga usiku kwa mwanga wa koroboi. Mshororo mmoja umepungukiwa na mizani moja. Huo tutaurekebisha. Shairi tayari analo.