Gato yenye sukari na mafuta kidogo: tuanzie ku ndizi na avoka za shamba letu



Kila mwaka mvua ikiharibu njia, tunaona jambo moja kule Kabare, Kalehe na kisiwani Idjwi: ndizi zinaivia nyumbani. Gari haifiki, ndizi inakuwa nyeusi, mwishowe inapewa mbuzi. Na siku ile ile mama mwenye shamba anatuma mtoto dukani kununua sukari na margarini, juu ya gato ya komunyo ao ya ndoa. Anatupa sukari ya shamba lake, kisha anatoa feza kununua ingine.

Ndiyo maana mara hii hatuzungumze juu ya mbolea wala mbegu. Tunazungumza juu ya gato.

Habari ilianza na mama mumoja mwanakoperative anayepika gato kwa kuuzisha. Bwana yake alipatikana na ugonjwa wa sukari. Yeye mwenyewe aliambiwa apunguze mafuta juu ya tansion. Akatuuliza: "Sasa niache kazi? Gato njo inasomesha watoto wangu."

Tulimjibu haraka, na tulimjibu vibaya. Tulimwambia atoe sukari yote na margarini yote, aweke ndizi ya kuponda mahali pao. Alifanya vile tulivyosema. Kisha akatuletea kipande ndani ya sahani: kizito, kibichi katikati, cheupe juu. "Muliniambia ndizi iko na sukari. Sasa juu ya nini gato yangu imekuwa sawa bugali?"

Alikuwa na haki. Tukarudi ku jikoni pamoja naye, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kazi ya sukari na margarini

Sukari haileti utamu tu. Inashika maji ili gato isikauke, inaipa rangi ya kahawia, na inasaidia gato kuwa laini. Margarini nayo inafunika unga ili usikazane sawa mkate, na inashika hewa wakati wa kukoroga. Ukivitoa vyote kwa mara moja, hizo kazi zote zinabaki bila mtu wa kuzifanya.

Ndizi iliyoiva sana inaweza kufanya sehemu ya kazi hizo. Inapoiva, wanga wake unageuka sukari. Katika gramu 100 za ndizi iliyoiva kuna karibu gramu 12 za sukari, na mafuta karibu hakuna. Lakini robo tatu ya ndizi ni maji. Hapo ndipo tulikosea: tuliongeza ndizi na tukaacha maziwa ya mapishi ya zamani. Kanuni ni hii: ukiongeza tunda la kuponda, punguza maziwa ao maji.

Mapishi yaliyokubali

Kwa gato moja ya vipande 12:

- unga wa ngano gramu 250 (karibu vikombe viwili)
- ndizi 3 zilizoiva mpaka ngozi iko na madoa meusi, karibu gramu 300 bila ngozi
- mayai 2
- sukari gramu 60 (vijiko 5 vya supu)
- mafuta ya soja ao ya alizeti, vijiko 3 vya supu
- levire ya gato (si ile ya mkate), vijiko 2 vya chai
- chumvi kidogo sana

Ponda ndizi mpaka zisibaki vibonge. Piga mayai na sukari kwa nguvu dakika tano, mpaka vitoe povu: hiyo hewa inasaidia kazi iliyokuwa ya margarini. Ongeza mafuta, kisha ndizi. Mwisho weka unga uliochanganywa na levire na chumvi. Hapa koroga polepole, na unga ukishalowana, acha. Ukikoroga sana, gato inakuwa ngumu. Usiweke maziwa. Kama uji wake ni mzito kupita kiasi, ongeza vijiko viwili vya maziwa ya mgando, basi.

Kama hauna tanuru, tumia sufuria kubwa yenye mchanga ndani, weka sufuria ya gato juu ya mchanga, funika, na weka makala kidogo juu ya kifuniko. Moto uwe mdogo na muda uwe mrefu, karibu saa moja, kwa sababu gato hii iko na maji mengi. Choma kijiti katikati: kikitoka kikavu, gato imeiva.

Chagua ndizi vizuri. Ndizi iliyoiva kabla ya wakati juu ya ugonjwa wa mnyauko, yenye madoa ya kahawia ndani, usiitumie.

Krema ya juu

Krema ya kawaida ni margarini na sukari ya unga tu. Tumejaribu njia tatu zingine:

*Maziwa ya mgando.* Chemsha maziwa kwanza, yagandishe, kisha uyafunge ndani ya kitambaa safi na kuyatundika usiku mzima ili maji yatoke. Asubuhi changanya na ndizi moja ya kuponda na ganda la ndimu lililokwanguliwa.

*Avoka na kakao.* Ponda avoka mbili zilizoiva, weka vijiko 3 vya unga wa kakao, vijiko 2 vya asali na maji ya ndimu ili zisigeuke nyeusi. Avoka iko na mafuta, lakini ni karibu gramu 15 kwa 100. Margarini ya kawaida inafika karibu gramu 80.

*Viazi vitamu vya rangi ya chungwa.* Chemsha na ngozi yake, menya, ponda, chuja, changanya na maziwa yaliyochujwa. Rangi ni nzuri, na inaongeza vitamini A.

Tuhesabu

Mapishi ya zamani ya mama huyu yalikuwa na sukari gramu 200 na margarini gramu 150. Kwa gato kumi, sasa anaacha kununua kilo 1 na gramu 400 za sukari, na kilo 1 na nusu ya margarini. Anaongeza karibu nusu lita ya mafuta na ndizi 30 za shamba. Kila mumoja afanye hesabu kwa bei ya soko lake.

Mambo matatu ya kuangalia

Kwanza, gato hii si dawa. Ukijumlisha sukari ya ndizi, bado iko na karibu nusu ya sukari ya zamani, na unga wa ngano nao unapandisha sukari ndani ya damu. Mgonjwa wa sukari aulize muganga wake kiasi gani anaweza kula. Tusiiuzishe kwa kusema "ya wagonjwa".

Pili, asali ni sukari. Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu asali pamoja na sukari ya kuongezwa, na linashauri isipite asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula cha siku. Kwa mtu mzima ni karibu gramu 50, na chini ya 25 ni bora zaidi.

Tatu, gato hii haikai. Sukari nyingi inazuia kuvu. Hapa ni kidogo, na maji ni mengi. Iuzishwe siku ile ile ao kesho yake. Krema ipakwe siku ya kuuzisha.

Mama yetu hakubadilisha kila kitu siku moja. Wateja wa kwanza walilalamika: "Gato haina sukari!" Akarudi ku gramu 150, kisha 100, kisha 60, kwa muda wa miezi, na ndimi zikazoea. Bado anapika gato ya zamani kwa mwenye kuiomba. Lakini ile ya ndizi ndiyo anayopika nyumbani, na bwana yake anakula kipande kimoja chembamba siku ya Mungu, vile muganga alimruhusu.

Jaribuni gato moja kwanza. Pimeni, andikeni gramu, na mulete kipande ku mkutano wa koperative, hata kama kimekuwa sawa bugali. Kile cha kwanza kilitufundisha kuliko vyote.