Vaidya wa India Anasoma Miaka Mingapi?

Ukienda mnadani au stendi ya basi hukosi kumkuta mtu amepanga chupa na vipakiti mezani. Anaita watu: dawa ya Kihindi hii, inatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, kila kitu! Watu wanasogea, wananunua. Wachache sana wanamwuliza: bwana, wewe umesomea wapi?

Leo tunaeleza dawa ya jadi ya India ni kitu gani, na huko kwao mtu anasoma nini mpaka aruhusiwe kuitoa.

Kwao inaitwa Ayurveda. Ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na maana yake ni elimu ya maisha. Mganga wake anaitwa vaidya. Vitabu vyake viwili vikubwa, cha Charaka na cha Sushruta, ni vya zamani sana, kiasi cha miaka 2,000 hivi.

Vaidya hatazami mahali panapouma tu. Anamtazama mtu mzima. Kwa elimu yake, mwili unaendeshwa na vitu vitatu: vata, ambayo ni kama upepo, pitta, kama nyongo au moto, na kapha, kama kohozi. Vikilingana, mtu ni mzima. Kimoja kikizidi, anaugua. Wazee wetu wa Pwani hawatashangaa, maana nao wanajua habari za vyakula vya baridi na vyakula vya moto.

Basi vaidya anashika mkono wa mgonjwa kwa vidole vitatu, anasikiliza mshipa. Anatazama ulimi na macho. Anauliza unalala vipi, unakula nini, choo kikoje. Kisha anaanza na chakula na mwenendo. Baadaye ndiyo yanakuja majani, mizizi, mafuta ya kukanda, na dawa za kutapisha au kuharisha ili mwili usafike.

Je, ni kweli? Lazima tuseme wazi. Sayansi ya kisasa haijaweza kuvipima hivyo vitu vitatu mwilini. Lakini dawa zenyewe si za kudharau zote. Upo mti mdogo uitwao sarpagandha, ambao mavaidya walitumia mizizi yake tangu zamani. Mwaka 1949 daktari mmoja wa Bombay, Rustom Jal Vakil, aliandika katika jarida la Uingereza jinsi mizizi hiyo ilivyoteremsha presha za wagonjwa wake. Mwaka 1952 wataalamu wa Uswisi wakatoa ndani yake dawa iitwayo reserpini, ikatumika hospitalini duniani kote. Tena ilionekana kwamba ikizidi humtia mtu huzuni kubwa. Ndiyo hivyo, dawa ya kweli ina kipimo chake.

Haya, sasa mafunzo. Zamani kijana alihamia kwa mwalimu wake, akala naye na kumtumikia huku akikariri vitabu kwa moyo. Kabla ya kuanza alikula kiapo. Katika kitabu cha Charaka mwanafunzi anaagizwa aseme kweli, asimwache mgonjwa, asiingie nyumba ya mgonjwa peke yake bila mtu anayejulikana na wenyeji, na aliyoyaona humo asiyatoe nje.

Kitabu cha Sushruta kinafundisha upasuaji, na hapo hapana mchezo. Mwanafunzi hapewi mtu wa kupasua. Anaanza kukata maboga na matango. Anajifunza kutoboa mishipa kwa mnyama aliyekufa, kushona kwa vipande vya nguo na ngozi, na kufunga bandeji kwa mwanasesere. Ili aijue miili ya watu, maiti ilifungwa majani, ikawekwa ndani ya kizimba mtoni kwa siku 7 mpaka ikalainika, halafu ikachambuliwa tabaka kwa tabaka. Zamani zile!

Baadaye vikaja vyuo. Kule Kerala, kusini mwa India, P. S. Varier alianzisha kiwanda na zahanati ya Ayurveda mahali paitwapo Kottakkal mwaka 1902, na mwaka 1917 akafungua shule ya kufundishia. Huko Jamnagar, katika Gujarati, walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa Afrika Mashariki, chuo kikuu cha Ayurveda kilianza mwaka 1967. Mwaka 1970 ikatoka sheria ya nchi nzima ya kusimamia masomo hayo, na mwaka 2020 ikatungwa nyingine mahali pake.

Siku hizi anayetaka kuwa vaidya lazima kwanza amalize sekondari ya juu kwa fizikia, kemia na biolojia. Halafu anafanya mtihani ule ule wa taifa wanaofanya wanaotaka udaktari wa kisasa. Akipita, anasoma miaka minne na nusu: Kisanskriti, viungo vya mwili, mimea ya dawa, sumu, uzazi, magonjwa ya watoto. Kisha anatumikia hospitalini mwaka 1 chini ya wakubwa wake. Jumla ni miaka mitano na nusu. Akitaka ubingwa, anaongeza mingine 3.

Hata hivyo ugomvi haukosi. Mwaka 2020 serikali ya India iliorodhesha aina 58 za upasuaji ambazo mavaidya wenye ubingwa wa upasuaji wanaruhusiwa kuzifanya. Madaktari wa kisasa wakakataa, na tarehe 11 Desemba waligoma.

Kwa nini tunaisumbukia miaka hiyo ya shule? Kwa sababu baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa madini: zebaki, ile ile wachimbaji wadogo wanayokamatia dhahabu, na risasi, ile ya kwenye betri za magari. Wao husema madini hayo husafishwa kwa kuchomwa mara nyingi. Lakini risasi haiungui ikaisha. Mwaka 2003 wapimaji wa Marekani walinunua dawa 70 za namna hii katika maduka ya Boston na karibu yake. Katika 14 walikuta risasi, zebaki au aseniki. Risasi humletea mtu mzima maumivu ya tumbo, kufunga choo na kupungukiwa damu. Mtoto humharibu ubongo.

Hapa Tanzania sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mganga anatakiwa kuandikishwa. Kwa hiyo mwulize muuzaji cheti chake, na uulize pia kilichomo ndani ya pakiti. Mgonjwa wa sukari asiache vidonge vya hospitali kwa sababu ya maneno ya mnadani. Na kama umekwisha kunywa dawa hizo, sasa tumbo linasokota, usiitupe pakiti. Nenda nayo kwa daktari, mwonyeshe. Risasi hujulikana kwa kupima damu.