Barua pepe ina sanduku lake, ufunguo shika mwenyewe

Katika maongezi ya redioni juma hili tulizungumzia kitu ambacho wengi wetu tunakitumia bila kukijua vizuri, nacho ni barua pepe, na hasa ile programu ya kompyuta inayozisoma na kuzituma barua hizo. Baada ya matangazo baadhi ya wasikilizaji wa hapa Songea waliomba maelezo yale yachapishwe, wapate kuyasoma polepole wakiwa mbele ya kompyuta zao. Nami natimiza.

Nianze na hali ilivyo. Huku Mshangano, kama ilivyo katika kata nyingine za manispaa yetu, barua pepe za watu wengi huanzia na kuishia katika duka la stesheneri. Mwananchi anakuja na cheti chake, anaomba kipigwe skani kitumwe Dodoma au Dar es Salaam. Anaulizwa, "Una imeili?" Kama hana, anafunguliwa palepale. Neno la siri linaandikwa nyuma ya risiti, risiti inapotea, na mtu pekee anayelikumbuka neno hilo ni kijana wa dukani.

Namfahamu katibu wa kikundi kimoja cha wakulima wa soya. Kikundi kilimwandikia mnunuzi wa mbali kuuliza bei. Mnunuzi akajibu kesho yake, bei nzuri, akatoa siku saba za kuthibitisha. Lakini anwani ya kikundi ilifunguliwa dukani, na kijana aliyeifungua alikuwa amekwenda kwao Mbinga kuuguza. Jibu lilisomwa siku ya kumi na moja. Soya ikauzwa kwa mchuuzi wa mtaani kwa bei aliyoitaka yeye. Kosa la nani? Kijana hakuiba kitu. Tatizo ni kwamba kikundi kizima cha watu wazima kilikuwa na sanduku la barua, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni kwa mtu mwingine.

Sasa tulielewe jambo lenyewe. Sisi Watanzania tuna bahati, kwa sababu tumezoea S.L.P. Kwetu tarishi hapiti nyumba kwa nyumba kama tunavyoona katika filamu. Barua inakaa katika sanduku pale posta, na wewe unaifuata na ufunguo wako. Barua pepe nayo ni vivyo hivyo. Ukiandikiwa, barua haiingii katika kompyuta yako. Inakwenda kukaa katika kompyuta kubwa isiyozimwa, inayoitwa seva, ambayo ni ya kampuni iliyokupa anwani. Hiyo ndiyo posta yako. Ile alama ya @ katikati ya anwani inatenganisha vitu viwili: kushoto ni jina la mwenye sanduku, kulia ni jina la posta yenyewe. Mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson ndiye aliyeanza kuitumia alama hiyo kwa kazi hiyo, mwaka 1971.

Kuna njia mbili za kulifikia sanduku hilo kwa kompyuta. Ya kwanza ni kufungua ukurasa wa kampuni hiyo katika intaneti, kama wanavyofanya wengi. Ni sawa na kusimama posta, kusoma barua palepale na kuirudisha sandukuni. Intaneti ikikatika, umefungiwa nje. Njia ya pili ni kuweka katika kompyuta yako programu maalumu ya barua pepe. Hii ni kama kuwa na mtoto mwaminifu nyumbani. Unampa ufunguo, anakwenda posta, analeta barua, anapeleka ulizoandika, kisha anazipanga vizuri kabatini.

Programu za namna hii si ngeni. Eudora, iliyoandikwa na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani mwaka 1988, ilitumiwa na watu wengi katika miaka ya 1990. Thunderbird, ambayo haiuzwi bali hutolewa bure, ilitoka kwa toleo lake la kwanza kamili Desemba 2004 na ingali inatengenezwa hadi leo. Outlook ya Microsoft inajulikana katika maofisi mengi. Vifungo vyake havifanani, lakini kazi ni ile ile.

Na wala tusidhani kwamba kuandika barua kwanza na kuituma baadaye ni ushamba. Barani kwetu barua pepe ilianza hivyo hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la SatelLife, lililoasisiwa na daktari wa moyo Bernard Lown, liliwaunganisha madaktari wa Afrika, wakiwamo wa Tanzania, katika mtandao ulioitwa HealthNet. Setilaiti yake ndogo, kama ile HealthSat-2 iliyorushwa mwaka 1993, haikukaa angani mahali pamoja. Ilipita juu mara chache kwa siku, ikapokea barua zilizokuwa zikiisubiri, ikazitua ilikoelekezwa. Walioingia kwa modemu walilipia simu kwa dakika, kwa hiyo waliandika barua zote kwanza, wakapiga simu, wakatuma na kupokea kwa mkupuo, wakakata. Uchumi huo wa dakika ndio mama wa programu tunazozizungumzia.

Mtu atasema, hayo ni ya zamani, leo kuna mkongo. Ni kweli. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Nasi Songea tuliunganishwa na gridi ya taifa ya umeme mwaka 2018, tukaagana na majenereta ya dizeli. Lakini kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika baharini kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku zile aliyekuwa na barua zake ndani ya kompyuta aliendelea kusoma mikataba yake na kuandika majibu. Aliyezitegemea kurasa za intaneti alikaa akiangalia duara likizunguka. Na bila mkongo kukatika, kuna siku bando linaisha na mwisho wa mwezi uko mbali.

Basi tuiwashe programu. Mara ya kwanza itakuuliza mambo matatu: jina lako, anwani yako, na neno la siri. Kwa anwani za kampuni kubwa itaitafuta posta yenyewe bila kukusumbua. Ukiwa na anwani ya Gmail, usishangae ikifunguka dirisha la Google likikutaka uingie na uikubalie programu. Tangu mwaka 2022 Google waliacha kuzipokea kwa akaunti za watu binafsi programu zinazobisha hodi kwa neno la siri la kawaida peke yake. Wengi walidhani programu imeharibika, kumbe ni mlango umebadilishwa komeo.

Kisha utaulizwa kuchagua kati ya POP na IMAP. Hapa ndipo watu hubonyeza tu bila kufikiri, na hapa ndipo penye uamuzi mkubwa. POP ni mtoto anayekwenda posta, anaziokota barua na kuzileta nyumbani. Usipomwagiza aache nakala sandukuni, anaweza kuziondoa zote kule. Kompyuta ikiibwa, barua zimekwenda nayo. IMAP ni mtoto anayeacha barua sandukuni na kukuletea nakala, na lolote unalofanya nyumbani analifanya na kule posta. Ukisoma katika kompyuta, simu yako nayo itaonyesha kuwa imesomwa. Ukifuta hapa, imefutika na kule. Kwa mtu mwenye simu na kompyuta, au kikundi ambacho mwenyekiti na katibu wote wanasoma sanduku moja, IMAP ndiyo inayofaa. Ila hakikisha katika mipangilio kwamba umeiagiza programu ihifadhi ujumbe ndani ya kompyuta, ili siku isiyo na mtandao usikute vichwa vya habari bila habari zenyewe.

Jambo jingine linalowachanganya watu: kupokea na kutuma ni njia mbili tofauti. Pale posta, dirisha la stempu si sawa na ukuta wa masanduku. Kutuma kunatumia njia iitwayo SMTP, yenye mipangilio yake. Kwa hiyo ukiona barua zinaingia lakini zako hazitoki, usiifute programu nzima. Kagua upande wa kutuma peke yake.

Barua uliyoiandika bila mtandao unaweza kuiagiza itumwe baadaye. Itakaa katika kasha la zinazosubiri kutoka, na mtandao ukirudi itaondoka. Lakini kukaa kashani si kufika. Kabla ya kumwambia mtu "nimeshatuma", fungua kasha la zilizotumwa uione kwa macho yako. Zabuni haimsubiri mtu ambaye barua yake imelala ndani ya kompyuta yake mwenyewe.

Sasa barua yenyewe. Mstari wa kichwa ni ule ule tunaouandika katika barua za kiofisi, "YAH:". Usiuache wazi, wala usiandike "Habari". Andika "Bei ya soya, tani 12, kikundi cha Mshangano", na msomaji atajua la kufanya kabla hajafungua. Sehemu ya nakala ni sawa na lile neno "Nakala:" chini ya barua ya serikali: kila mmoja anaona nani mwingine amepelekewa. Ipo na nakala ya siri, ambayo majina yake hayaonekani kwa wengine. Ukiwaandikia wanachama hamsini kwa pamoja, waweke huko. Si vizuri kutangaza anwani za watu kwa watu wasiofahamiana, na tangu Mei 2023 nchi yetu ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi.

Kuhusu viambatisho, jueni kwamba faili likisafiri kwa barua pepe hunenepa kwa takribani theluthi moja, kwa sababu hubadilishwa kuwa herufi za kawaida ili lipite salama. Faili la megabaiti 15 njiani linazidi kidogo megabaiti 20. Kama posta ya unayemwandikia ina mpaka wa megabaiti 20, barua itarudi, tena pengine saa ya mwisho ya kufunga maombi. Cheti cha ukurasa mmoja hakihitaji ukubwa huo. Mwambieni mtu wa skani apunguze, herufi zitasomeka vilevile.

Nimebakiza la utapeli, na hili naliomba lisomwe mara mbili. Jina linaloonekana juu ya barua pepe linaweza kuandikwa na mtu yeyote. Tapeli anaweza kujiita mhasibu wa kampuni mnayofanya nayo biashara, akaandika kwa adabu kwamba akaunti ya benki imebadilika, malipo yapelekwe kwenye mpya. Anwani yake inafanana na ile ya kweli, ila kuna herufi moja imezidi. Programu ya kompyuta inasaidia, kwa sababu inaweza kuonyesha anwani kamili kwa uwazi kuliko kioo kidogo cha simu. Lakini dawa ya uhakika ni ya kizamani: pigeni simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo katika barua hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu mwaka 2015. Hata hivyo sheria humfunga mwizi, si lazima irudishe fedha.

Pengine utauliza, je, asiye na kompyuta? Huyo namshauri hivi. Endelea kutumia duka la stesheneri, ni msaada mkubwa na wengi wa vijana wale ni waaminifu. Lakini usikubali anwani yako iwekwe katika programu ya kompyuta ya dukani, maana itabaki humo ikipokea barua zako hata ukiwa umelala. Andika neno la siri kwa mkono wako mwenyewe. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe yako, si ya kijana wa dukani. Na kabla ya kutoka, hakikisha umefunga akaunti.

Kwa vikundi, vyama vya msingi, shule na vikoba, nawashauri mambo matatu. Moja, anwani iwe ya kikundi, si ya katibu binafsi, maana katibu huhama au hushindwa uchaguzi. Mbili, viongozi wawili wajue neno la siri, na libadilishwe kila uongozi unapobadilika, kama tunavyobadilisha sahihi benki. Tatu, kila mwezi folda ya programu inayohifadhi barua inakiliwe katika diski ya nje, na diski hiyo isikae chumba kimoja na kompyuta. Moto na mwizi hawachagui.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la kikundi ni pamoja na barua zake: bei zilizoahidiwa, tarehe zilizokubaliwa, majina ya walioahidi. Kikundi chenye barua zake mkononi kinaweza kumwonyesha mnunuzi alichoandika msimu uliopita. Kisichokuwa nazo kitabaki kuomba aamini maneno yao.

Msimu ujao wa soya hauko mbali. Waulizeni viongozi wenu leo: sanduku letu liko wapi, na ufunguo anao nani? Juma lijalo, Mungu akitujalia, tukutane tena hapa na kule redioni.