Msafara wa Usiku Mtoni

Mtu asimamaye mchana kando ya kijito cha mlimani, akayatazama maji yapitayo juu ya changarawe, aghalabu hudhani kwamba viumbe wadogo waishio humo wametulia chini ya mawe yao. Lakini akitega wavu wa matundu madogo mkondoni tangu adhuhuri hata alfajiri, akiukung'uta kila saa, ataona kwamba kiza kikishaingia tu wavu hujaa mabuu wa wadudu walioyaachia mawe na kuchukuliwa na maji.

Jambo hili alilibainisha Hikaru Tanaka wa Japani mwaka 1960, na baada yake Thomas Waters wa Marekani na Karl Müller, aliyechunguza mito ya Uswidi, wakalithibitisha. Sababu yake kubwa ni samaki: maadamu wengi wao huwinda kwa macho, mdudu atokaye kutafuta malisho gizani huwa na salama zaidi, hasa yule mkubwa aonekanaye upesi, na mbalamwezi ikiwa kali, msafara aghalabu hupungua.

Majira nayo yana hukumu yake. Katika nchi za baridi msafara huzidi wakati wa joto, mabuu wanapokua. Kwetu Afrika Mashariki, katika mito kama Naro Moru ushukao Mlima Kenya, mvua ndizo zenye nguvu, kwa kuwa mafuriko hubingirisha mawe na kuwazoa wenyeji wake pasipo hiari yao. Wala mto wa juu hauwi mtupu kwa sababu hiyo, kwani, kwa rai ya Müller, wadudu wakishaota mbawa huruka kuelekea chanzoni, wakataga mayai huko.

Elimu hii inaigusa afya yetu. Dawa za kuua wadudu, hata zikiwa chache mno, huwafanya mabuu kuyaachia mawe kwa wingi bila kungoja usiku. Katika miaka ya 1950 DDT ilitiwa katika mto Nile karibu na Jinja ili kuangamiza usubi, nzi waenezao upofu. Nia ilikuwa njema, lakini sumu haibagui mdudu mbaya na asiye na hatia.

Kwa hiyo wapimao mito hawana budi kutega nyavu usiku na mchana, wapate kuijua desturi ya kila mto. Nasi tunaoteka maji kandokando ya mashamba, tukiona mchana, pasipo mvua, mabuu wakichukuliwa makundi kwa makundi, wengi wakiwa wafu, tusiyanywe maji hayo, bali tumwarifu bwana afya siku ile ile.