Punda Akichechemea

Watu husema kwamba asante ya punda ni mateke. Methali hiyo aliitunga mwenye punda. Punda mwenyewe hakuulizwa. Lau angeulizwa, huenda angetueleza habari za miguu yake.

Sisi tukaao karibu na msitu wa Jozani tunaijua ardhi yetu. Ukitoka penye udongo mzuri unaingia uwandani, penye mawe makali ya matumbawe. Punda avutaye gari la kuni au la mawe katika njia kama hizo, siku moja huonekana anachechemea. Wengine humpiga fimbo wakidhani ni uvivu. Kumbe punda ni mvumilivu mno. Mpaka aonekane anachechemea, maumivu yamekwisha kuwa makubwa. Basi tutajuaje panapomuuma, naye hasemi?

Kwanza ni macho. Mwache atembee mahali tambarare, umtazame kichwa. Mguu wa mbele ulio mbovu ukikanyaga chini, huinua kichwa ili aupunguzie uzito. Ukikanyaga ulio mzima, kichwa hushuka.

Pili ni mkono. Shika kwato zake zote. Ukwato mmoja ukiwa na moto kuliko mingine, pengine mna usaha ndani. Safisha chini yake, utafute kijiwe au msumari.

Tatu ni ganzi. Daktari wa mifugo huchoma sindano ya ganzi mguuni, akianzia chini na kupanda juu. Mnyama akiacha kuchechemea, maumivu yamo katika sehemu iliyotiwa ganzi.

Lakini kujua mahali si kujua ugonjwa. Mwaka 1895, Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua mionzi ya eksirei, na kwa mionzi hiyo mifupa huonekana. Hata hivyo picha ya eksirei ni kivuli tu: mfupa wa mbele na wa nyuma hulaliana, na ufa mwembamba hufichika. Siti skani huuzungusha mwali huo pande zote za mguu, kisha kompyuta huchora ndani yake kipande kwa kipande, kama mkate wa boflo uliokatwa slesi. Mtu wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971. Godfrey Hounsfield, Mwingereza, na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1979.

Kwa farasi palikuwa na shida. Mnyama wa kilo 500 ilibidi alazwe kwa nusu kaputi. Akizinduka hushtuka na kutaka kusimama kabla miguu haijapata nguvu, na huweza kuvunjika. Katika farasi wazima mia wanaolazwa hivyo, hufa kiasi cha mmoja. Ndipo ikatengenezwa mashine ambayo farasi huingia kwa miguu yake mwenyewe. Huchomwa dawa ya kumtuliza, akasimama kama anayesinzia. Mashine huuzunguka mguu, na baada ya muda mfupi picha zimepatikana naye hakulazwa chini.

Faida yake ni kubwa. Mwaka 2020, farasi Anthony Van Dyck alivunjika mguu katika mashindano ya Melbourne Cup, Australia, ikabidi auawe. Tangu mwaka 2021, farasi watokao nchi za nje kushindana huko hupigwa kwanza picha za siti skani, ili mfupa ulioanza kudhoofika uonekane mapema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mfupa wa mguu wa farasi ukivunjika vibaya, hata ukuta haujengeki.

Mashine hizo ni za farasi wa thamani kubwa. Lakini hata huko, farasi anayechechemea kwa kawaida hutazamwa kwanza akitembea na kushikwa miguu, ili ujulikane mguu wa kupigwa picha. Hatua hizo mbili za mwanzo hazihitaji fedha wala umeme. Hata mwanafunzi wa shule aweza kuzifanya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimwona punda anachechemea njiani, mwambie mwenyewe amfungue gari, amtazame kwato, na amwite daktari wa mifugo. Fimbo na iwekwe chini. Haijapata kumponya mguu mnyama yeyote.